Koti la Babu Taa

Ukimkuta Baba Mapacha sokoni anachagua nyanya, huwezi kumdhania kitu. Ni mwanamume anayekaribia umri wa kustaafu, tumbo limeanza kumtangulia, na mkono mmoja wa miwani yake umefungwa kwa uzi. Lakini mvalishe lile koti lake refu jeusi, mpe ngazi begani na kandili mkononi, kisha msimamishe mbele ya watoto wa darasa la pili. Wakirudi nyumbani wataapa kwa mama zao kwamba wamemwona Babu Taa.

Babu Taa, kama na wewe shule uliingia ndani na hukuishia kuchungulia dirishani, ni yule mwashaji wa taa za barabarani wa enzi za mababu. Mji ulipopatwa na mafuriko makubwa, alipanda ngazi yake nguzo baada ya nguzo, kutoka mtaa wa chini mpaka kilimani, ili watu waone njia ya kukimbilia. Watu wakaokoka. Nyumba yake mwenyewe ikaenda na maji pamoja na mkewe, akabaki na mtoto mmoja wa kiume. Katika kitabu cha shule amepewa mistari mitano na picha iliyochorwa na mtu mwenye haraka. Baba Mapacha, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu wa historia, aliiona mistari ile mitano kuwa ni dharau tupu. Akaacha ubao na chaki, akatafuta koti, akaanza kuzunguka shule kwa shule akiwa Babu Taa mwenyewe. Ndugu walisema amerukwa na akili. Mkewe alikwenda kujifunza kuendesha gari.

Basi maisha yao yakawa ya barabarani. Walilala kwenye nyumba za wageni ambazo mlango hufungwa kwa msumari uliopindwa, mto unanuka nywele za watu wengine, na bomba hukohoa kwanza kabla halijatoa maji. Mama Mapacha alijua ni kituo kipi cha mafuta chenye choo kinachoingilika, ni fundi gani mwongo, na ni mwalimu mkuu yupi atakayekukaribisha chai kwa maneno bila kikombe. Mapacha wenyewe, wasichana wawili, walikuwa chuoni. Kila wakipiga simu huuliza kwanza hali ya Babu Taa, ndipo wakumbuke kumuuliza baba.

Kazi ile ilikuwa na sheria yake. Kwenye kona ya mwisho kabla ya shule, Mama Mapacha alisimamisha gari, mumewe akashuka, akazunguka nyuma, akavaa koti na kofia. Aliyerudi mbele ya gari hakuwa mumewe tena. Hakujua simu ni nini, umeme alikuwa hajausikia, na gari alilipanda kwa woga wa mtu wa zamani. Sheria hii ilitokana na aibu. Miaka ya mwanzo mtoto wa darasa la kwanza alimkuta Babu Taa nyuma ya vyoo vya shule, simu sikioni, akigombana na mwenye nyumba. Mtoto alilia mpaka akarudishwa kwao. Tangu hapo Baba Mapacha akala kiapo: mtoto akishakuona ndani ya koti, wewe ni Babu Taa mpaka mtoto yule aondoke mbele ya macho yako, liwalo na liwe. Hata mkewe, wakishaingia getini, alikuwa dereva tu. Ilimbidi amwambie, "Shikamoo, Babu Taa," mtu ambaye asubuhi ile alikuwa amemtafutia soksi chini ya kitanda.

"Marahaba, mwanangu," alijibu bwana yule bila kupepesa macho. Kisasi mama alikilipiza jioni, barabarani, na hakikuwa kidogo.

Lile koti nalo lina habari yake. Lilikuwa la kitambaa kizito kama blanketi na halikuwahi kufuliwa. Mama Mapacha alilisogelea na beseni mara kadhaa, akafukuzwa. "Vumbi ndilo umri wake," mumewe alisema. "Ukilifua nitaonekana bawabu wa hoteli." Tatizo ni kwamba vumbi lile lilimpigisha chafya, na Babu Taa hawezi kupiga chafya mafuriko yamefika kiunoni. Kwa hiyo kila kabla ya onyesho alimeza vidonge viwili vya mafua, vile vidogo vya njano vinavyouzwa hata dukani kwa wauza sabuni. Usiku alimeza viwili vingine, kwa sababu koti lililala limetundikwa juu ya kichwa chake.

Sasa tuje kwenye lililokuwa likimla moyo. Baba Mapacha alikuwa ameanza kusahau.

Hakusahau vile tunavyosahau sote, miwani iko puani unaitafuta kabatini. Siku moja alishika usukani ili mkewe apumzike, akasimama kununua mafuta, akaondoka na kumwacha Mama Mapacha chooni. Aligundua pale alipomuuliza njia na kiti cha pembeni kikanyamaza. Siku nyingine aliingia shule waliyokuwa wameitembelea majuzi tu, akajitambulisha upya kwa mwalimu mkuu kama mgeni, mwalimu akacheka akidhani ni utani. Na jioni nyingine alisimama kwenye korido ya nyumba ya wageni, milango imejipanga kushoto na kulia, asijue ni upi wake. Bahati yake mkewe alikuwa na kikohozi cha jioni. Alikisikia, akakifuata, akaingia. Akamshauri na yeye ajaribu vile vidonge.

Lakini maneno ya Babu Taa hayakumtoka hata neno moja. Wewe ungesema afadhali. Kwake hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa sababu alishaliona. Baba yake alikuwa karani wa reli, na mwisho wa maisha yake akili ilimtoka kidogo kidogo kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Mzee yule aliweza kukutajia vituo vyote vya reli kwa mpangilio, vya kwenda na vya kurudi, bila kuruka hata kimoja. Lakini mwanawe akiingia chumbani, alimtazama kwa adabu ya kazini na kumuuliza, "Bwana, unasafiri kwenda wapi?" Baba Mapacha aliwahi kutoka nje ya chumba kile akaegemea ukuta na kulia.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hiyo aliijua vizuri. Aliwahi kuwaadhibu watoto wa watu kwa kushindwa kuimalizia. Alificha hata hivyo. Hospitali hakwenda na mkewe hakumwambia. Alijisemea kwamba maadamu Babu Taa bado yuko kamili, yeye mwenyewe anaweza kuvumilia kupungua.

Siku iliyomtoa pangoni ilikuwa ya kawaida kabisa. Shule ilikuwa kubwa, ya majengo marefu yaliyopakwa chokaa, na wanafunzi walikuwa wamejiandaa. Kwa heshima ya mgeni wao walikuwa wameipaka nta sakafu ya ukumbi na kuisugua mpaka ukajiona meno. Mkanda wa feni ya gari ulikuwa umeanza kulia njiani, kwa hiyo Mama Mapacha alimshusha Babu Taa getini, akampa shikamoo yake, na kwenda kutafuta fundi.

Onyesho lilikwenda vizuri mpaka kwenye nguzo ya tatu. Hapo ndipo Babu Taa humchagua mtoto mmoja wa mstari wa mbele amshikie kandili wakati anapanda ngazi. Siku hiyo alimchagua msichana mdogo mwenye pengo, ambaye alikuwa hajacheka hata mara moja tangu mwanzo. Alikuwa akitazama tu, kama mkaguzi. Babu Taa akapanda. Nta ikafanya kazi yake. Miguu ya ngazi ikateleza kwenda mbele, yeye akaja nyuma, kichwa kikapiga pembe ya meza ya mwalimu, na ngazi ikamwangukia yule mtoto mkononi.

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Walidhani ndiyo historia yenyewe.

"Hata taa huanguka, wajukuu zangu," alisema Babu Taa akiwa chali, damu inamtiririka kwenye nyusi. Kisha akajaribu kuinuka, akashindwa. Mama mwalimu mkuu, mwanamke mnene mwenye mbio zisizotarajiwa, akawapakia yeye na mtoto kwenye gari lake, mmoja mbele mmoja nyuma, akawakimbiza hospitali.

Chumba cha dharura kilikuwa na vitanda viwili vilivyotazamana, mizani, na saa ya ukutani iliyokuwa imekufa. Kwenye kitanda kimoja wakamlaza Babu Taa na koti lake, kwa maana alikataa kulivua. Kwenye kingine wakamkalisha yule msichana kusubiri bendeji, kandili bado iko mapajani mwake, hakutaka kuiachia. Mwalimu mkuu akatoka nje kuwapigia simu wazazi wa mtoto na dereva wa mgeni. Akaingia daktari, dada mdogo mwenye macho ya mtu aliyelala kitini.

"Shikamoo, mzee. Pole sana. Umegonga kichwa, kwa hiyo nina maswali machache. Unajua hapa ni wapi?"

Baba Mapacha akamtazama daktari, kisha akatupa jicho upande wa pili. Yule mtoto alikuwa amemkazia macho. Hakuna sheria ya geti iliyomfunga pale, lakini kiapo hakikusema geti. Kilisema mtoto.

"Kwa tabibu, binti yangu," alijibu Babu Taa.

"Hospitali, sawa. Na huu ni mwaka gani?"

"Mwaka wa mafuriko makubwa. Nani ataweza kuusahau?"

Daktari akaandika. Uso wake ulibadilika kidogo. "Na umefikaje hapa?"

"Kwa gari lisilovutwa na mnyama. Mpaka sasa sijalielewa."

Hapo Baba Mapacha akaona mambo yanaharibika, akafanya alichoweza: akamkonyeza daktari. Kwa bahati mbaya jicho la upande huo lilikuwa limeanza kuvimba. Akakonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Jicho la kulia linachezacheza lenyewe," daktari alimwambia muuguzi aliyekuwa kando yake kwa sauti ya chini. Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma.

"Binti," alisema Babu Taa, jasho limeanza kumtoka, "hapa hamna pazia la kuvuta?"

"Limepelekwa kufuliwa, mzee. Tulia. Niambie, una watoto?"

Kule upande wa pili msichana alisogea mbele kidogo kwenye kitanda. Hili lilikuwa swali la kitabuni. Babu Taa akameza mate.

"Mmoja tu," alisema. "Wa kiume. Maji yaliniachia huyo peke yake."

Funguo zikaanguka mlangoni.

Mama Mapacha alikuwa amesimama pale, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko, khanga imeteleza begani, mdomo wazi. "Baba Mapacha!"

"Usihofu, dereva," alisema mumewe, kwa mazoea tu ya ulimi. "Ni mchubuko."

"Dereva!" Mama wa watu akashika mlango. "Daktari, ananiita dereva! Mapacha wangu amewafuta wote wawili, amebaki na mtoto wa kiume! Nilijua. Nilijua siku hii inakuja. Ndiyo yale yale ya baba mkwe!" Akakaa chini, pale pale sakafuni. "Mwaka mzima namwangalia na kunyamaza. Jioni anasimama koridoni hajui chumba, na mimi ndani najikohoza ili asikie sauti aje. Nimekohoa mpaka koo limechubuka. Nikajua akijua kwamba najua, ataanguka kabisa."

Baba Mapacha alisikia maneno yale na maumivu ya kichwa yakamwisha. Kumbe kile kikohozi. Kumbe kila jioni alipokifuata akijipongeza kwamba hajabainika, kulikuwa na mtu ndani amekaa kitandani, ametega sikio kwa hatua zake, anamwita bila kumwita. Naye alikuwa amemwambia ameze vidonge! Aliona haya, na chini ya haya ile alimpenda mkewe kuliko siku zote.

Akavua kofia. Mbele ya mtoto, kwa mara ya kwanza tangu kiapo kile, akavua kofia, na kufungua vifungo vya koti.

"Mama Mapacha, ni mimi. Niangalie. Tuna wasichana wawili, mkubwa karithi ulimi wako na mdogo karithi pua yangu, maskini. Sijawafuta. Nilikuwa kazini, mke wangu. Kuna mtoto." Kisha akamgeukia yule msichana. "Mjukuu wangu, nisamehe. Babu Taa hakutaka uone hivi."

"Hamna neno," alisema msichana. "Babu Taa alikufa zamani. Tumesoma."

"Ala! Sasa mbona ulikuwa umenyamaza unanitazama?"

Msichana akafikiri, akazungusha kandili mapajani. "Nilidhani wewe ndiye hujui."

Muuguzi aligeukia ukutani, mabega yanatetemeka kwa kicheko. Mama Mapacha, pale sakafuni, alicheka na kulia kwa pamoja, akajifuta machozi kwa mkono wenye grisi na kujipaka masharubu. Mtoto akachukuliwa kwenda kufungwa bendeji. Kifundo cha mkono kilikuwa kimeteguka tu, hakikuvunjika. Aliacha kandili kitandani, akaiweka vizuri.

Daktari peke yake hakucheka. "Sasa tuanze upya," alisema, "na safari hii nataka majibu ya mtu aliye hai."

Mwaka, akautaja. Siku, akaitaja. Idadi ya watoto, kazi, mahali alipolala jana, vyote vikaja, vingine kwa kuvutwa.

"Mkeo anaitwa nani?"

"Mama Mapacha."

"Hicho ni cheo, baba. Nataka jina."

Baba Mapacha akafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi.

Nyie wanaume wenzake msijifanye mnashangaa. Tangu mapacha walipozaliwa hakuna aliyewahi kulitumia jina lile nyumbani mwao, si yeye, si majirani, si mama mkwe. Lakini yeye alijua tofauti. Jina lisilotumika huwa liko mahali fulani, unainua mkono unalishusha. Yeye aliinua mkono akakuta rafu tupu. Na mara hii hapakuwa na mtoto wa kumsingizia wala koti la kujifichia. Mkewe alimtazama, akasubiri. Hakumnong'oneza. Akasubiri mpaka akaona hakuna kinachokuja, ndipo akaangalia pembeni.

"Apelekwe akapigwe picha ya kichwa," alisema daktari.

Wakakaa kwenye benchi la nje ya chumba cha picha, yeye na mkewe, koti limekunjwa kati yao. Hapo ndipo Baba Mapacha alipotoa yote: kituo cha mafuta, jambo ambalo mkewe alilijua vizuri kupita yeye, shule aliyoingia mara mbili, milango, na karani wa reli aliyemuuliza mwanawe anasafiri kwenda wapi.

"Naogopa," alisema. "Naogopa sana, mama. Siku moja nitakuuliza wewe hivyo hivyo."

"Ukiniuliza nitakujibu," alisema Mama Mapacha. "Nitakwambia nasafiri na wewe. Sasa ingia, wanakuita."

Picha zilipotoka, daktari aliziweka kwenye mwanga na kuzitazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Mama Mapacha alikuwa amemshika mumewe kidole kimoja, akikiminya kama anakamua limau.

"Hakuna damu ndani," alisema daktari. "Hakuna kilichovunjika, hakuna uvimbe. Ubongo wa mtu wa umri wake. Kichwa ni kigumu, hilo naliandika." Kisha akavuta kigoda akakaa. "Lakini huko kusahau sikupendi. Unatumia dawa gani?"

"Situmii dawa yoyote."

"Na vile vidonge vya mafua?" mkewe akadakia.

"Vile si dawa, ni vidonge tu."

"Vidonge gani?" daktari aliuliza. Mama Mapacha akachimbua mkoba, akatoa karatasi ya vidonge vya njano iliyobaki nusu. Daktari akaigeuza. "Unameza vingapi?"

"Viwili asubuhi, viwili usiku."

"Kwa muda gani?"

Baba na Mama Mapacha wakatazamana. "Miaka," alisema mama.

Daktari akaiweka chini ile karatasi polepole, na kwa mara ya kwanza uso wake ukalegea. "Mzee wangu, hivi ni vya kumeza siku mbili tatu, mafua yakiisha unaacha. Kwa mtu wa umri wako, ukivila kila siku, vinakulaza akili. Unatembea, unaongea, lakini kichwani kuna ukungu. Mambo uliyoyakariri siku nyingi yanabaki, mapya hayashiki. Siwezi kukuapia kwamba sababu ni vidonge tu. Lakini nimewaona watu, wakiacha, wanarudi. Acha leo. Njoo mwezi ujao nikuulize maswali yale yale."

"Yaani si ugonjwa wa baba?"

"Leo sioni sababu ya kusema ni huo."

Baba Mapacha alishusha pumzi ambayo nadhani aliivuta siku ile ya karani wa reli na alikuwa hajaitoa. Akainamisha uso kwenye viganja akalia wazi, bila haya, huku mkewe akimpigapiga mgongoni na kumwambia daktari kwamba hivi ndivyo alivyo, hata harusini alilia yeye.

"Na mafua yenyewe," daktari aliuliza, "yanatoka wapi miaka yote hiyo?"

Mama Mapacha alilitazama koti lililokunjwa mapajani mwa mumewe, akaweka mikono kiunoni.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema.

Koti lilifuliwa kesho yake, uani kwenye nyumba ya wageni, kwenye beseni la kukopa. Baba Mapacha alisimama kando na plasta yake usoni kama mfiwa. Maji ya kwanza yalitoka meusi, ya pili meusi, ya tatu rangi ya chai. "Historia yote hiyo inakwenda," alinung'unika. "Historia gani?" alisema mkewe, povu limemfika mabegani. "Hili ni tope la tangu mapacha wako darasa la tatu." Lilipotundikwa kambani likakauka, wakaona halikuwa jeusi kabisa. Lilikuwa bluu. Wote wawili walikuwa wamesahau, na mmoja wao hakuwa akimeza kidonge chochote, jambo ambalo Baba Mapacha alilikumbusha mara nyingi njiani.

Wiki ya kwanza bila vidonge alikuwa mkali kama nyuki. Ya pili akaanza kuamka kabla ya mkewe. Kisha likatokea jambo dogo: jioni moja alitoka bafuni na taulo shingoni, akapita korido ndefu yenye milango inayofanana, akafungua wa kwao bila kusita. Mama Mapacha alikuwa kitandani na koo tayari limekazwa kwa kukohoa. Alikimeza kikohozi chake. Usiku ule Mama Mapacha alilala usingizi wa mtoto mchanga.

Wakiwa njiani kurudi kwa daktari walipitia ile shule, kumalizia onyesho lililoangukia nguzo ya tatu. Sakafu haikupakwa nta. Yule msichana mwenye pengo, mkono umeshapona, hakukubali kushika kandili. Alisema atashika miguu ya ngazi, na aliishika kwa mikono yote miwili mpaka Babu Taa aliposhuka. Kwenye mafuriko, maji yakiwa kiunoni, Babu Taa hakupiga chafya.

Daktari alikuwa yule yule, na pazia lilikuwa limerudi. Akauliza mwaka, akaambiwa. Akauliza siku, mahali, jina la shule waliyotoka. Akampa maneno matano ayashike, akazungumza mambo mengine, kisha akayadai. Matano yakarudi, ya mwisho na dakika ya kufikiri. Daktari akatabasamu kwenye makaratasi yake.

"La mwisho. Mkeo anaitwa nani?"

Baba Mapacha hakumtazama daktari. Alimgeukia mkewe aliyekuwa amekaa pembeni na mkoba mapajani, akalitaja. Hakulitaja kwa sauti kubwa. Alilitaja jina lake na la baba yake, yote mawili, kama alivyolitaja siku alipokwenda kwao kuposa, viatu vimembana na maneno yamemkauka.

Mama Mapacha, ambaye alikuwa na jibu kwa kila fundi mwongo na kila mwalimu mkuu bahili, alivuta khanga begani. Akafungua mkoba, hakutoa kitu, akaufunga.

"Daktari," akasema baadaye, "hebu muulize tena hilo la mwisho."